Mahindi yamegeuka zambarau: kutafuta chanzo cha tatizo la fosforasi katika mashamba ya Arusha na Moshi

Fosforasi haina tabia za naitrojeni. Haipotei hewani, na mvua haiizamishi chini upesi. Ukiiweka shambani inaishia mahali pamoja kati ya manne: imeingia kwenye mazao ikaondoka na gunia, imebebwa na udongo wa juu uliosombwa na maji, imenaswa na madini ya udongo wenyewe, au ipo palepale ulipoimwaga na mizizi haijaifikia. Majani yanaonyesha dalili zilezile kwa hali zote nne, ila tiba zake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana mkulima wa Kibosho, mlimani, na mkulima wa Mabogini, tambarare chini ya Moshi, wanaweza kununua mfuko uleule wa DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni), mmoja akaona mabadiliko ndani ya wiki tatu na mwenzake asione lolote.

Kwa hiyo usianzie dukani. Anza na jani, kisha mzizi, kisha udongo. Utahitaji jembe au koleo, kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja, ndoo safi ya plastiki, rula na siki kidogo.

Je, ni fosforasi kweli?

Kwenye mahindi, upungufu wa fosforasi huonekana mapema, mche ukiwa na majani matatu hadi nane. Rangi ya zambarau huanzia ncha na kingo za majani ya chini, yaliyo makuukuu, na majani machanga hubaki ya kijani. Mche unakuwa mwembamba na mfupi, na kijani chake ni kizito kupita kawaida. Baadaye zambarau inaweza kufifia, lakini hasara inakuwa imeshaingia: mbelewele zinachelewa, magunzi yanapinda, mistari ya punje haijanyooka na ncha ya gunzi inabaki tupu.

Maharage yanadanganya zaidi. Mara nyingi hayageuki zambarau. Yanabaki madogo, yenye majani ya kijani kizito, maua machache, na ukiyang'oa unakuta vinundu vichache kwenye mizizi au hamna kabisa. Wengi wakiona kile kijani kizito wanadhani shamba lina afya, wakati mmea umedumaa.

Kabla ya kuilaumu fosforasi, ondoa kwanza mambo haya yanayofanana nayo.

Baridi. Mahindi au nyanya zilizooteshwa kwa umwagiliaji mwezi wa Juni au Julai upande wa Ngaramtoni, Arusha, au juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, zinaweza kugeuka zambarau shamba zima kwa usawa, hata majani machanga. Mizizi kwenye udongo wa baridi hunyonya fosforasi polepole hata kama ipo. Siku saba hadi kumi za joto zikipita na majani mapya yakatoka ya kijani, usiongeze kitu.

Mbegu. Baadhi ya aina chotara zina zambarau ya asili kwenye shina na maungio ya majani. Ukikuta mche mnene, unaokua vizuri, na zambarau iko kwenye shina tu, hiyo ni rangi yake.

Mche mmoja mmoja. Miche michache iliyotawanyika ikigeuka zambarau huku jirani zake ni mizima, kagua shina na mizizi. Funza wa shina, funza weupe wa ardhini au jeraha la jembe la palizi huziba njia ya sukari kushuka, nayo sukari ikijikusanya kwenye majani huleta rangi hiyohiyo.

Virutubisho vingine vina alama zake. Naitrojeni ikipungua, jani la chini huwa la njano kuanzia nchani kuingia katikati, kama herufi V. Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini huungua. Zinki ikipungua, majani machanga hupata mistari mipana ya weupe pande zote mbili za mshipa wa kati. Hii ya zinki ikumbuke, tutairudia, kwa sababu fosforasi nyingi mno ndiyo inayoweza kuileta.

Chimba

Chagua miche mitano mibaya na mitano mizuri. Usiing'oe kwa mkono. Chimbua kila mmoja na bonge lake la udongo, upana na kina cha sentimita 25, kisha vunja udongo taratibu.

Mizizi ikiwa imetafunwa, tatizo ni wadudu. Ikiwa ni ya kahawia, inanuka uozo na udongo ni wa kijivu, tatizo ni maji yaliyotuama. Ikishuka sentimita 12 hadi 20 halafu ikakunja na kutambaa pembeni, umefika kwenye tabaka gumu lililotokana na plau kupita kina kilekile kila mwaka, au trekta kuingia udongo ukiwa tope. Hakikisha kwa nondo: siku moja au mbili baada ya mvua nzuri, isukume ardhini kwa nguvu ya mikono. Ikishuka vizuri halafu ikagoma ghafla kwenye kina kilekile kila unapopima, tabaka lipo. Mmea hapo unanyonya kutoka nusu ya udongo uliopaswa kuutumia, na kwa kirutubisho kisichotembea kama fosforasi hilo ni pigo kubwa. Kuongeza DAP juu ya tabaka hilo ni kupoteza fedha. Lipasue kwa jembe la kuchana wakati udongo umekauka. Ukiwa na unyevu chuma kinakata tu bila kulivunja.

Tafuta pia punje za mbolea. Ukikuta mabaki yake juu ya ardhi, au yako sentimita 15 kando ya mzizi, umeshapata jibu. Fosforasi ikiyeyuka kutoka kwenye punje husogea milimita chache, ikizidi sana sentimita moja au mbili. Mzizi ndio unaoifuata, yenyewe haiufuati mzizi.

Zambarau imekuja kwa mabaka au mistari

Panda mahali palipoinuka utazame shamba zima, kwa sababu umbo la mabaka linasema mengi.

Mstari mmoja au miwili mizima ya zambarau katikati ya shamba zuri ni makosa ya upandaji: aliyekuwa anaweka mbolea aliruka mstari, au mashine iliziba. Mabaka kwenye sehemu za mgongo wa mteremko, ambako udongo unaonekana mwekundu zaidi au wenye vijiwe, ni mmomonyoko. Fosforasi nyingi ya shamba iko kwenye sentimita 20 za juu, ikiwa imeshikamana na chembe ndogo za udongo na mboji, na hizo ndizo maji huzibeba kwanza. Hapo mbolea ya kupandia itasaidia msimu mmoja, lakini mvua kubwa ya Aprili itaishusha tena. Kwanza weka makingamaji yanayofuata kontua na uyashikize kwa mabingobingo au majani ya Guatemala, ambayo ng'ombe watakula.

Kinyume chake, ukiona duara la mahindi ya kijani na marefu katikati ya shamba la zambarau, uliza palikuwa na nini. Mara nyingi ni boma la zamani, au mahali taka na mabua yalipochomwa. Duara hilo ni jaribio lililojifanya lenyewe: linakuambia mazao yako yana njaa ya kitu kilichoachwa na samadi au majivu, na fosforasi iko juu kwenye orodha ya washukiwa. Usichukue sampuli ya udongo ndani ya duara hilo, itakudanganya.

Shamba zima ni zambarau, na DAP iliwekwa

Hili ndilo lalamiko linalohitaji uvumilivu kuliko yote. Uliza kwanza iliwekwaje.

DAP iliyorushwa kwa mkono juu ya ardhi baada ya mahindi kuota haifanyi kazi ya kupandia. Inabaki sentimita mbili za juu, zinazokauka kila jua likiwaka, na mizizi hainyonyi kwenye udongo mkavu. DAP iliyogusana na mbegu nayo ina madhara: inatoa amonia inayounguza kichipukizi, kwa hiyo unapata mapengo na miche dhaifu yenye mizizi mifupi, ambayo itageuka zambarau huku imekalia mbolea.

Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kwa shimo, ekari ina mashimo takribani 8,900. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa humo unatoa gramu 5 hadi 6 kwa shimo, yaani kisoda kimoja kilichosawazishwa. Kwa nafasi ya 75 kwa 30, mche mmoja kwa shimo, ni nusu kisoda. Chimba shimo la sentimita 10 hadi 12, weka mbolea, rudishia udongo sentimita 3 hadi 5, ndipo uweke mbegu na kufunika. Hatua ya katikati ndiyo vibarua wanayoiruka jua likiwa kali, kwa hiyo simama nao mistari ya mwanzo.

Kama mbolea iliwekwa vizuri na bado shamba ni zambarau, basi udongo wenyewe unainasa. Hapa Arusha na Moshi kuna aina kadhaa za udongo, na kila moja inanasa kwa namna yake.

*Udongo mweusi mwepesi wa miteremko ya juu.* Huu ni udongo wa majivu ya volkano. Ukiwa mkavu ni mwepesi mkononi na una unga. Ukiwa na unyevu na ukausugua kati ya vidole unateleza kama una mafuta, na ukiubana sana unatoa majimaji. Watu wanauona mweusi wakauamini, na kweli una mboji nyingi na unashika maji vizuri. Lakini umejaa alumini na chuma vyenye umbile lisilo la fuwele, ambavyo hushika fosfeti (fosforasi katika umbo ambalo mmea huinyonya) kwa nguvu sana. Katika kipimo cha maabara kinachotumika kuutambua, unatarajiwa kunasa asilimia 85 au zaidi ya fosfeti iliyoongezwa. Weusi wake haukuhakikishii fosforasi.

Tiba hapa ni kupunguza mgusano kati ya mbolea na udongo. Usirushe, usichanganye shamba zima. Weka kwenye shimo, pamoja na konzi mbili za samadi iliyooza vizuri. Samadi ina fosforasi yake, na tindikali za mboji zinazotoka humo hukalia baadhi ya nafasi ambazo fosfeti ingenaswa. Mbolea ya punje kubwa ni bora hapa kuliko ya unga, kwa sababu punje hugusa udongo kidogo.

Usitegemee chokaa ya kilimo kuifungulia fosforasi kwenye udongo huu. Kama pH (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) iko chini ya 5.5, chokaa itaondoa alumini yenye sumu, mizizi itarefuka na hilo peke yake litasaidia. Ila ukiipandisha pH hadi 7 kwa matumaini ya kuachilia fosforasi, utamaliza fedha, na kalsiamu nyingi itaanza kuinasa upya.

*Udongo mwekundu wa mfinyanzi.* Uko chini kidogo ya huo wa majivu, kwenye mashamba mengi ya kahawa na mahindi. Wekundu ni chuma, nacho kinanasa fosforasi, ingawa kwa kawaida si kwa ukali ule. Kinachouharibu zaidi ni mazoea: miaka mingi ya SA (salfeti ya amonia), Urea na DAP bila kurudisha samadi wala majivu hushusha pH, na SA ndiyo inayoishusha kuliko zote. Pima pH. Chini ya 5.5, chokaa ina maana hapa, na mbolea ya kukuzia ibadilishwe kuwa CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu).

*Udongo wa tambarare wenye chokaa.* Chukua udongo mkavu wa kina cha sentimita 20, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una kaboneti ya kalsiamu, na pH karibu hakika iko juu ya 7. Fosforasi hapa inageuka kuwa fosfeti ya kalsiamu isiyoyeyuka kirahisi. Weka mbolea karibu na mbegu kwa njia ya shimo, ongeza samadi, na usiweke majivu wala chokaa. Majivu ya jikoni, ambayo ni msaada kwa udongo mwekundu wenye tindikali, huku chini ni madhara.

*Udongo wenye magadi.* Upande wa Kahe na sehemu nyingine za chini ya Moshi kuna maeneo yenye utando mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, udongo unaokuwa mgumu kama saruji ukikauka na kutoa tope linaloteleza ukilowa. pH ikivuka 8.5 kwa sababu ya sodiamu, fosforasi mara nyingi hupimwa ikiwa nyingi, kwa sababu fosfeti ya sodiamu inayeyuka. Mazao yanaumia kwa kukosa hewa kwenye mizizi, kwa chumvi, na kwa upungufu wa zinki. Kuweka DAP huko ni kutibu ugonjwa ambao haupo. Tafuta mifereji ya kutoa maji na ushauri kuhusu jasi (madini ya salfeti ya kalsiamu) kwanza.

Mpunga ulikuwa mzuri, mahindi yaliyofuata yamedumaa

Hili wakulima wa skimu za chini ya Moshi wanalifahamu. Jaruba likijaa maji, hewa huisha udongoni, chuma hubadilika na kuachia fosforasi iliyokuwa imekishika, na mpunga unakula. Jaruba likikaushwa kwa ajili ya mahindi au maharage, chuma hurudi hali yake, tena kikiwa kipya chenye nafasi nyingi za kunasa, na fosforasi inakamatwa kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo ukipima udongo wakati wa mpunga au mara baada ya kutoa maji, usitumie namba hiyo kupangia mahindi. Weka mbolea ya kupandia kwenye mahindi hata kama mpunga haukuihitaji, na vunja kwanza ule udongo uliokandamizwa wakati wa kuvuruga jaruba.

Mahindi baada ya kabichi

Mahindi na maharage hutumia kuvu wa mizizi, ambao nyuzi zao hufika mahali mizizi haifiki na kuleta fosforasi. Kabichi, sukuma wiki na jamii yao hawalei kuvu hao, kwa hiyo baada ya misimu miwili ya kabichi mfululizo wanakuwa wamepungua. Mahindi yanayofuata hugeuka zambarau mwanzoni hata kama kipimo cha fosforasi ni kizuri. Hali huwa inajirekebisha kadiri mizizi inavyoongezeka. Panda maharage kati ya kabichi na mahindi, na usiache shamba tupu bila mmea wowote kwa muda mrefu.

Nimeweka Minjingu, sijaona kitu

Fosfeti ya Minjingu inachimbwa karibu na Ziwa Manyara, jirani kabisa na Arusha, na ina takribani asilimia 28 hadi 30 ya P2O5, kipimo cha fosforasi kinachoandikwa kwenye mifuko (fosforasi yenyewe ni 0.44 yake). Ni mali nzuri, ila ina masharti. Ile ya unga, ambayo ni mwamba uliosagwa, inahitaji tindikali ya udongo ili iyeyuke. Kwenye pH ya 5.5 kushuka chini inafanya kazi, ikikaribia 6.5 inapungua sana. Kwenye tambarare yenye chokaa itakaa kama mchanga. Pia haiwekwi kwa njia ya DAP. Hii inarushwa na kulimiwa ndani ichanganyike, kwa sababu inahitaji kugusana na udongo, na iwekwe wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiiweke pamoja na chokaa msimu mmoja, chokaa itazuia tindikali inayoiyeyusha.

Mifuko miwili ya kilo 50 kwa ekari inaingiza takribani kilo 12 hadi 13 za fosforasi, lakini msimu wa kwanza mazao yatapata sehemu tu, iliyobaki inatoka misimu inayofuata. Kwa udongo usio na tindikali nyingi, njia ya kuipa nguvu ni kuinyunyiza kwenye lundo la samadi au mboji, kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100 za samadi, na kuiacha ioze miezi miwili au mitatu. Ile ya punje iliyoongezwa naitrojeni na virutubisho vidogo ni bidhaa nyingine. Fuata maelezo ya mfuko wake.

Kihamba kimeshiba, shamba la chini limechoka

Ukitaka kuelewa fosforasi ya familia moja yenye kihamba (shamba la migomba na kahawa nyumbani) na shamba la tambarare, fuata mabua. Mahindi na maharage yanalimwa tambarare. Punje zinapanda nyumbani, mabua na maganda yanapanda kulisha ng'ombe wa zizini, samadi inawekwa kwenye migomba na kahawa. Hakuna kinachoshuka. Tani moja ya punje za mahindi huondoka na takribani kilo 3 za fosforasi. Ekari ikitoa gunia 20 za kilo 100, ni kilo 6, na mabua yake yanaweza kuongeza kilo moja hadi mbili. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 23 za P2O5, na P2O5 si fosforasi yenyewe: zidisha kwa 0.44, unapata kilo 10. Kwa hiyo mfuko mmoja kwa ekari unarudisha kilichotoka na ziada kidogo inayoingia kwenye mdomo wa udongo. Nusu mfuko unapunguza akiba kila mwaka, na kupanda kwa Urea peke yake kunaipunguza upesi zaidi, kwa sababu mavuno yanapanda na fosforasi hairudi.

Kwenye kihamba chenyewe, migomba ikionyesha majani makuukuu ya njano ya machungwa yanayokauka kuanzia kingo, hiyo ni potasiamu. Fosforasi ni nadra kuwa tatizo chini ya migomba iliyolishwa samadi miaka mingi. Busara ni kushusha sehemu ya samadi. Konzi mbili kwa shimo, tuseme gramu 300, ni tani 2.7 kwa ekari. Samadi yenye nusu yake maji na asilimia 0.3 ya fosforasi kwenye sehemu kavu inaleta kilo 4. Ukiwa nayo, DAP inaweza kushuka hadi mfuko mmoja kwa ekari moja na nusu. Ikiwa usafiri haulipi, angalau acha nusu ya mabua shambani.

Msimu umeshaanza, nifanye nini?

Ndani ya wiki tatu tangu kuota, chora mfereji wa kina cha sentimita 7 hadi 10, sentimita 5 hadi 7 kando ya mstari, weka DAP na ufukie udongo ukiwa na unyevu. Baada ya wiki sita usihangaike. Weka naitrojeni, palilia, na upange msimu ujao.

Chupa na pakiti za kupuliza majani zenye namba kubwa ya fosforasi zinauzwa sana wakati huu. Kilo moja ya poda yenye asilimia 52 ya P2O5 ina gramu 230 za fosforasi. Mazao ya gunia 20 yanahitaji kilo 7 au 8. Jani linaweza kung'aa siku chache, hesabu haibadiliki.

Kipimo kinasema fosforasi ni nyingi, mmea bado mbaya

Bustani za nyanya na mboga zinazopata samadi ya kuku kila msimu, na vitalu nyumba vingi, hufika hapa. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi kuliko ya ng'ombe, na anayeiweka kwa ajili ya naitrojeni anaijaza fosforasi bila kujua. Ikizidi, inauzuia mmea kupata na kutumia zinki na chuma, hasa pH ikiwa juu ya 7. Majani machanga yanakuwa meupe na mkulima anaongeza mbolea. Acha kila kitu chenye fosforasi kwa misimu kadhaa: tumia CAN au Urea, na potasiamu kama inahitajika. Pulizia salfeti ya zinki gramu 60 hadi 100 kwenye bomba la lita 20 jioni, rudia baada ya wiki mbili, au weka kilo 10 kwa ekari kwenye udongo.

Kwenye umwagiliaji wa matone kuna hatari nyingine. DAP iliyoyeyushwa na kuingizwa kwenye maji yenye kalsiamu nyingi huganda na kuziba matundu, na fosforasi haifiki shambani. Tumia MAP, mbolea nyingine ya fosforasi na naitrojeni, ile inayoyeyuka kabisa, usiichanganye tanki moja na nitreti ya kalsiamu, na ijaribu kwanza: changanya kiasi kidogo kwenye chupa ya maji ya kisima chako kwa kipimo utakachotumia, iache usiku kucha. Ukikuta ukungu mweupe au mashapo, usiiingize kwenye mpira.

Sampuli na kusoma majibu

Chukua sampuli Januari au Februari, kabla ya mbolea ya masika. Tembea kwa mtindo wa zigizaga, chota mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huongeza zinki), toa nusu kilo, anika kivulini. Epuka njia, boma la zamani, kichuguu, na mistari ya mbolea ya mwaka jana. Mteremko na tambarare ni sampuli mbili. TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji wa Arusha, wana maabara ya udongo.

Uliza njia waliyotumia, maana namba bila njia haina maana. Bray, moja ya njia hizo, ni ya udongo ulio chini ya pH 7. Kwenye udongo wenye chokaa tindikali yake huishia kupambana na kaboneti na kutoa namba ya uongo. Huko omba njia ya Olsen. Kwa mahindi, chini ya miligramu 15 kwa kilo kwa Bray, au chini ya 10 kwa Olsen, tarajia mbolea ya fosforasi kulipa.

Maabara ikikosekana, shamba lipime lenyewe. Panda mistari minne ya mita 10: mmoja bila fosforasi, wa pili DAP, wa tatu samadi tu, wa nne vyote viwili. Ule wa kwanza na wa tatu iwekee nusu kisoda cha Urea kwa shimo, mbali na mbegu, ili usije ukalinganisha naitrojeni ya DAP badala ya fosforasi. Pima urefu wa miche wiki ya nne. Wa pili na wa nne ikiizidi mingine waziwazi, udongo una njaa ya fosforasi. Wa nne peke yake ukiongoza, udongo unanasa, nawe unahitaji samadi kwenye shimo. Yote minne ikilingana, rudi kwenye mizizi na nondo.